Chanjo ya Nyongeza: Kukabiliana na Maudhi Madogo na Kutambua Dalili za Hatari

Katika eneo la Mang'ola wilayani Karatu, ambako kilimo cha vitunguu hutegemea mifereji ya umwagiliaji na mbu ni wengi, mwananchi anayepata homa baada ya kuchanjwa hukabiliwa na swali moja: je, haya ni maudhi ya chanjo au ni malaria? Jibu sahihi huokoa maisha.

Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini na Rais Samia Suluhu Hassan, Ikulu jijini Dar es Salaam, tarehe 28 Julai, 2021, kwa kutumia dozi 1,058,400 za Janssen. Baadaye zilifuata Sinopharm, Pfizer na Moderna. Dozi ya nyongeza hutolewa kwa sababu kinga hupungua kadiri muda unavyopita.

Maudhi ya kawaida

Mwili uliokwisha kuchanjwa huitambua dozi mpya na kuamsha kinga. Ndipo hutokea maumivu ya mkono, uchovu, kuumwa kichwa, baridi, homa, au kuvimba tezi za kwapani. Hali hii huanza ndani ya siku moja au mbili na huisha yenyewe baada ya siku chache. Chanjo hizi haziwezi kusababisha UVIKO-19. Aidha, asiyepata maudhi yoyote naye hupata kinga.

Namna ya kujihudumia

- Subiri kituoni dakika 15 baada ya kuchanjwa. Aliyewahi kupata mzio mkali asubiri dakika 30.
- Weka kitambaa safi chenye maji baridi mahali palipochomwa. Usipasugue wala kupapaka dawa.
- Tumia mkono kwa kazi nyepesi, kunywa maji ya kutosha na pumzika kivulini.
- Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya paracetamol vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya.
- Chagua siku ya kuchanjwa ambayo kesho yake huna kazi nzito ya kuvuna au kubeba magunia.

Homa isiyopaswa kupuuzwa

Homa kali, inayorudi, inayodumu zaidi ya siku mbili, au inayoanza siku ya tatu na kuendelea, isihusishwe na chanjo kabla ya kupima malaria. Mjamzito au mtoto mwenye homa apimwe bila kusubiri. Paracetamol hushusha homa lakini haitibu malaria. Vivyo hivyo, dawa mseto isimezwe kwa kubahatisha.

Nenda kituo cha afya mara moja ukipata shida ya kupumua, uvimbe wa uso au koo, maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kuzirai au degedege. Aliyepata Janssen awe makini pia na maumivu makali ya kichwa yasiyokoma, au mguu kuvimba, katika wiki nne za mwanzo. Matukio haya ni nadra, lakini yanahitaji tiba ya haraka. Kwa kuwa Karatu mjini ni mbali, panga usafiri mapema.

Mweleze mhudumu jina la chanjo na tarehe uliyochanjwa, ukiwa na kadi yako, ili taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa ushauri, piga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.