Mtihani Uliozaliwa na Nyumba Zilizonadiwa

Mwaka 2008 gazeti la Miami Herald lilifukua jambo lililoitia aibu serikali ya jimbo la Florida. Kati ya mwaka 2000 na 2007, watu zaidi ya 10,000 wenye rekodi za jinai walikuwa wamefanya kazi katika biashara ya mikopo ya nyumba jimboni humo. Wamo waliowahi kupatikana na hatia ya utapeli, na wamo walioiba benki. Hao ndio waliokuwa wakipokea hati za mishahara za watu, wakiwajazia fomu na kuwaonyesha pa kutia saini.

Lililowezekana Florida liliwezekana kwingine pia. Marekani haikuwa na kanuni moja ya taifa kuhusu nani anafaa kumwandalia mtu mkopo wa nyumba. Kila jimbo lilikuwa na lake: kuna yaliyotoa leseni kwa kampuni bila kumuuliza mfanyakazi mmojammoja chochote. Kinyozi alisomea kazi yake na kutahiniwa kabla ya kushika mkasi. Katika baadhi ya majimbo, anayekuingiza kwenye deni la miaka 30 hakuulizwa hata swali moja.

Tuitazame kwa karibu bidhaa waliyokuwa wakiiuza. Mkopo uliovuma miaka ile ulikuwa na riba isiyobadilika kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha ikaanza kupanda na kushuka kwa miaka 28 iliyobaki, na mara nyingi ilipanda. Chukua mfano wa mkopo wa dola 200,000 kwa riba ya asilimia 7. Marejesho ni takriban dola 1,330 kwa mwezi. Riba ikifika asilimia 10 baada ya miaka 2, mkopaji yuleyule, kwa mshahara uleule, anatakiwa kulipa takriban dola 1,740. Wakati bei za nyumba zilipokuwa zikipanda alifarijiwa kwamba atachukua mkopo mpya na kuufuta wa zamani. Bei zilipoanza kuanguka, mlango huo ukafungwa.

Dalali aliyemwandalia mkopo hakuumia. Alikuwa amekwisha kulipwa siku mkopo ulipotoka, na mkopeshaji alimwongezea malipo kadiri alivyofanikiwa kumpa mteja riba ya juu kuliko ile aliyostahili. Kulikuwa pia na mikopo iliyotolewa kwa kipato cha kutaja tu kwa mdomo, bila hati yoyote ya kukithibitisha. Mpangilio huo uliwalipa vizuri zaidi waongo kuliko wakweli, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mzizi wa balaa lote. New Century, moja ya kampuni kubwa za mikopo hiyo, ilifilisika Aprili 2007. Mamilioni ya familia zikapoteza nyumba katika miaka iliyofuata.

Tarehe 30 Julai 2008, Rais George W. Bush alitia saini sheria kubwa ya nyumba, na ndani yake ilikuwemo sehemu inayofahamika kama SAFE, inayohusu leseni za maofisa wa mikopo ya nyumba. Majimbo yalipewa mwaka mmoja, au miwili pale ambapo bunge la jimbo hukutana kila baada ya miaka miwili, yatunge sheria zake. Jimbo ambalo lingezembea, serikali kuu ingeingia na kuifanya kazi hiyo yenyewe. Kuanzia hapo mwombaji wa leseni anachukuliwa alama za vidole, rekodi yake ya madeni inakaguliwa, anasoma saa 20 za darasa, kisha anafanya mtihani. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai linalohusu udanganyifu hapati leseni maisha yake yote.

Mtihani wenyewe leo una maswali 120 kwa dakika 190, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Ukifeli unasubiri siku 30; ukifeli mara ya tatu, siku 180. Mwanzoni kila jimbo lilikuwa na karatasi yake ya ziada, na aliyetaka kufanya kazi katika majimbo mengi alitahiniwa tena na tena. Aprili 2013 majimbo yalianza kukubaliana juu ya sehemu moja ya pamoja.

Watahiniwa wengi wanakariri mwaka na jina la kila sheria inayotahiniwa, wakisahau mara tu wanapotoka chumbani. Inasikitisha, kwa sababu nyuma ya kila sheria kuna watu walioumia. Ile ya 1968 inayokataza ubaguzi katika nyumba ilitiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Katika miji mingi, ramani za miaka ya 1930 zilikuwa zimepaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi kuwa mahali pasipofaa kukopeshwa. Ile ya 1974 ya usawa katika mikopo iliwakinga wanawake waliokuwa wakiambiwa walete waume zao ndipo wasikilizwe.

Hata swali la kuhesabu siku lina kisa chake. Mkopaji amekabidhiwa hesabu za mwisho za mkopo siku ya Alhamisi. Ni lini mapema kabisa anaweza kutia saini? Jibu ni Jumatatu, kama hakuna sikukuu katikati, kwa kuwa Jumamosi inahesabiwa na Jumapili haihesabiwi. Kabla ya Oktoba 2015 mkopaji angeweza kuziona hesabu hizo siku moja tu kabla, tena awe ameomba mwenyewe. Wengi walikuta gharama mpya mezani, vitu vyao vikiwa vimeshafungwa kwenye maboksi.

Sheria ya SAFE ina tundu ambalo sijaona sababu ya kuridhisha ya kuliacha: maofisa wa mikopo walioajiriwa na benki hujisajili tu, hawafanyi mtihani. Na waliofaulu nao si malaika. Januari 2022, maofisa 441 walifikia makubaliano na mamlaka za majimbo 42 baada ya kubainika kwamba walidai kuhitimu mafunzo ya lazima ilhali hawakuyasoma. Walitozwa faini na kusalimisha leseni zao kwa miezi mitatu.

Kwa msomaji anayetafuta nyumba Ohio, Texas au Minnesota: kila ofisa wa mikopo, wa benki au wa kampuni, ana namba ya NMLS, yaani mfumo wa taifa wa kuwasajili maofisa hao, na namba hiyo lazima iandikwe kwenye fomu yako ya maombi. Iingize kwenye tovuti ya umma ya mfumo huo, bila malipo, uone ameruhusiwa kufanya kazi katika majimbo gani na kama amewahi kuchukuliwa hatua na mamlaka. Fanya hivyo kabla hujampa hati zako za mshahara.