Gitaa la Besi na Wapigaji wa Ridhaa

Tunapoutafakari utamaduni wa taifa letu, aghalabu huzitaja nyimbo na waimbaji, tukavisahau vyombo vilivyozibeba nyimbo hizo. Na miongoni mwa vyombo vya dansi hakuna kinachosahauliwa upesi kama gitaa la besi. Mwimbaji husifiwa kwa sauti yake, na mpiga solo kwa wepesi wa vidole vyake. Bali mpiga besi hukumbukwa pale chombo chake kinaponyamaza na wachezaji wakapotea hatua. Basi yafaa tuulize: gitaa hilo lilikuwa la nani, na nani aliyelitunza? Jibu lake lina mafunzo kwa kila anayetaka kulipiga leo kwa ridhaa yake.

Bendi zetu za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zilikuwa vyama vya watu wa ridhaa. Mchana walikuwa na kazi zao nyingine. Muziki ulikuwa mapenzi, wala haukuwa ajira. Wanachama walichangishana, wakanunua vyombo, na vyombo hivyo vikawa mali yao wote.

Haja ya sauti nzito inayoshika mwendo ni ya zamani kuliko umeme. Kule Unguja wapigaji wa kidumbaki huipata kwa sanduku la mbao lenye mti na kamba, na vikundi vya taarabu hutumia besi kubwa la mbao ambalo mpigaji hulipiga akiwa amesimama. Gitaa la besi la umeme lilipata umaarufu baada ya kampuni ya Fender ya California, Marekani, kutoa la kwake mwaka 1951. Lilikuwa jepesi kuchukulika, na vyuma vilivyopangwa shingoni vilimwonyesha mpigaji mahali halisi pa kila sauti. Katika miaka ya 1960 magitaa ya umeme yakaenea katika bendi zetu.

Lakini umeme ulileta gharama ambazo michango ya wanachama haikuzimudu kwa urahisi. Mwaka 1964 Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kikawa na bendi yake, NUTA Jazz; wanamuziki wakalipwa mshahara, na vyombo vikawa mali ya mwajiri. Majeshi, umoja wa vijana na mashirika ya umma nayo yakawa na bendi. Hapana shaka utaratibu huo ulitujengea muziki mkubwa. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, walipohamia International Orchestra Safari Sound, walichukua vipaji vyao tu. Vyombo vilibaki kwa wenyewe. Na katika miaka hiyo ya uhaba wa fedha za kigeni, uzi uliokatika au spika iliyopasuka haikuwa rahisi kuibadilisha. Chombo kilichodumu kilidumu kwa kutunzwa.

Kwa hiyo mpigaji wa ridhaa anayenunua gitaa lake mwenyewe anairejesha ile desturi ya vyama vya kwanza, na hana budi kujua anachokinunua. Atazame shingo kwanza, kwa kulielekeza gitaa kwenye jicho kama seremala apimavyo ubao. Shingo iliyopinda kidogo hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani yake, tena kwa kuikaza au kuilegeza robo mzunguko tu kila mara. Iliyopotoka kama kamba iachwe dukani. Urefu wa uzi katika magitaa mengi ya besi ni sentimita 86 hivi, na yapo mafupi ya sentimita 76 yafaayo mikono midogo. Yapo pia magitaa yenye betri ndani. Hayo si mabaya, ila mwenye nalo akumbuke kuchomoa waya baada ya kupiga, maana waya uliochomekwa humaliza betri hata gitaa likiwa kimya.

Amplifaya ndiyo huwaponza wengi. Uzi mzito wa besi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito kama hiyo huisukuma spika kwa nguvu nyingi. Ukiipitisha kwa sauti kubwa katika amplifaya ndogo ya gitaa la solo, spika hupasuka. Kadhalika plagi iwe na waya wa ardhini ulio mzima, na umeme ukikatika, zima na uchomoe. Unaporudi kwa kishindo huunguza.

Pwani, jasho na hewa ya chumvi huzila nyuzi kwa kutu. Dawa yake ya kwanza ni kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Nyuzi za mviringo zilizochakaa kwa uchafu huweza kuchemshwa katika maji, zikakaushwa vizuri, zikarudisha uhai kwa muda. Zinapobadilishwa, ni vema ubadilishe mmoja mmoja, ili shingo isilegee ghafla. Gitaa lisiachwe ndani ya gari juani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watu wa mwaka 1932 hawakungoja mwajiri. Vijana wa mtaa mmoja wakichangiana leo gitaa moja la besi na amplifaya moja, wakapangiana zamu ya kuvifuta na kuvihifadhi, watakuwa wamepata chombo ambacho hakuna atakayewanyang'anya siku watakapohitilafiana na bwana yeyote. Huo nao ni utamaduni wa taifa, na unastahili kurithishwa pamoja na nyimbo zenyewe.