Bangi mwitu ya bibi

Wiki hii semina yetu ya historia ilihusu kilimo enzi za mkoloni, na mimi nilikaa kimya nikikumbuka dhambi yangu.

Likizo ya baada ya kidato cha sita nilijitia kumsaidia bibi bustanini. Niliona fujo tupu: nyanya, mchicha, vitunguu saumu, mrehani, na katikati lile gugu linalonuka, bangi mwitu (si bangi jamani, msinielewe vibaya!). Nikaling'oa lote, nikanyoosha mistari. Bibi akatazama, akasema tu, "Haya, msomi."

Msimu uliofuata nyanya zilidumaa. Kung'oa shina, mizizi imejaa mafundo.

Sasa sikieni. Mabwana shamba wa kikoloni walipenda zao moja na mistari iliyonyooka. Kuchanganya mimea waliona ni uzembe. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya uhuru, lakini siku ile nilikuwa bwana shamba wao kabisa.

Bangi mwitu asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo hata huu si ujuzi wa tangu na tangu. Kuna watu waliuchunguza ugeni huu wakaupa kazi. Mwaka 1958 wanasayansi wa Uholanzi walionyesha kuwa mizizi ya jamii hiyo ya mimea ina kemikali inayoua minyoo ya udongoni. Mwaka 1997 watafiti wa ICIPE kule Mbita, Kenya, walichapisha kwamba nyasi zenye harufu kali zikipandwa kati ya mahindi hufukuza funza wa mabua na kuvuta nyigu wanaowashambulia. Yaani fujo ina kazi!

Sisemi kila mchanganyiko unafaa. Mashina mawili matatu ya bangi mwitu hayatoshi, lazima isitawi kwa wingi kwa miezi kadhaa. Wala siapi kwamba nyanya zilikufa kwa ajili yangu tu, maana minyoo fundo hukaa udongoni muda mrefu.

Ila jana nimempigia bibi kuomba radhi, nikamuuliza nani alimfundisha. "Mama mkwe." Na yeye je? Akacheka, "Unataka kuandika?"

Nikamwambia ndiyo. Desemba nakwenda na daftari. Kwa leo naishia hapa, vocha imekwisha.