Mataruma ya Vyombo vya Bagamoyo

Taruma ni mti mnene uliopinda, unaozishika mbao za ubavu wa chombo kwa ndani. Mafundi wa Bagamoyo huyachonga mataruma kwa tezo kutoka kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, kwani mti ulionyooka ukikatwa kwa kupindisha hukatika nyuzi, na taruma huwa dhaifu.

Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalihama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891 na Bagamoyo ikapungua hadhi, lakini mashua na majahazi yaliendelea kupandishwa pwani kufanyiwa matengenezo. Chumvi ya bahari husaidia kuhifadhi mbao. Kinachoozesha zaidi ni maji ya mvua yanayotuama ngamani. Chombo hupandishwa wakati wa bamvua na kuegemezwa magogo. Hapo ndipo ustadi wa kweli huonekana: mataruma mabovu hutolewa moja moja, kwani yakitolewa mengi kwa pamoja umbo zima hulegea. Taruma la zamani huwa kipimo cha jipya. Mashimo hutobolewa kwa keekee, misumari hupigwa, na nyufa huzibwa kwa kalafati ya pamba.

Boti za faiba zilileta tatizo gumu zaidi. Nyingi zina mihimili ya mbao iliyofunikwa kabisa, na maji hupenya kwenye matundu ya skrubu bila kuonekana. Fundi hugonga kwa nyundo akisikiliza sauti butu, hupasua faiba, huondoa mbao iliyooza, hukausha, kisha huweka mhimili mpya na kuufunika kwa tabaka za faiba na gundi.