Watoto wa Fizi na Shule Zilizovuka Ziwa

Ukitoka Baraka kuelekea Kalemie, mashariki mwa Kongo, unapita Fizi na Lulimba ndipo ufike Misisi, mji uliojengwa na dhahabu. Hapo mtoto aliyekimbia vita kijijini kwao huitwa na mashimo kabla hajaitwa na shule. Kuponda mawe na kuosha mchanga huleta chochote jioni ileile. Darasa huleta madai ya ada. Tusimlaumu mzazi. Tuulize jinsi elimu ya waliokimbia ilivyofikishwa hapa.

Fizi imekimbiwa mara nyingi. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliwafikia Wabembe, wenyeji wa Fizi, na Gaston Soumialot akawa mmoja wa vinara wake upande huu wa mashariki. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuwasaidia waasi hao, akaondoka Novemba bila ushindi. Laurent-Désiré Kabila, mwenzao katika uasi huo, alibaki na fikra zile za mapinduzi, akaanzisha chama chake cha PRP mwaka 1967 na kujichimbia milimani Hewa Bora kwa miaka mingi. Kwa watoto wa milima hiyo, serikali na shule zake zilikuwa upande wa adui.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikuwa ikionyesha jinsi wakimbizi wanavyoweza kusomeshwa. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa na Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam tangu 1963, na ANC ya Afrika Kusini ikafungua chuo cha Solomon Mahlangu huko Mazimbu, Morogoro, mwaka 1978. Vijana wale walifundishwa kama watawala wa kesho, na wafadhili wa nje walitoa fedha kwa moyo mkunjufu. Mkulima na mvuvi wa Fizi hakuwa na chama cha kumsemea Dar es Salaam. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inaeleza mengi kuliko umaskini.

Zamu ya mkulima na mvuvi huyo ilifika 1996, vita vya AFDL, muungano wa waasi wa Kabila, vilipoanza. Maelfu walipanda mitumbwi na maboti kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, Lugufu ikafuata, na baada ya mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998 watu waliendelea kuvuka. Kambini shule zilianzishwa na wakimbizi wenyewe wakafundisha, kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa. Sera ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 2003 ilikazia jambo hilo: mkimbizi asome mtaala wa nchi yake. Maana yake haikufichwa. Mtarudi kwenu.

Na wengi walirudi. Oktoba 2005 safari za meli za kuwarejesha kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza, na mtoto aliyeshuka bandarini aliweza kuendelea na masomo yaleyale aliyoyaacha kambini. Mwenzake aliyekimbilia Nakivale, Uganda, alisoma mtaala wa wenyeji kwa Kiingereza. Kwake kurudi kulimaanisha kuanza upya. Hapo sera ya Tanzania ilikuwa na busara. Lakini kwa aliyebaki Nyarugusu, ambako leo wazazi waliozaliwa kambini wanapeleka watoto wao shule, cheti cha Kifaransa kina thamani gani katika nchi ambayo sekondari na vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza, na yeye haruhusiwi kutoka kambini bila kibali? Sera iliyomfaa aliyerudi ilimfunga aliyebaki.

Kisha Fizi yenyewe ikawa mwenyeji. Machafuko ya Burundi ya Aprili 2015 yalileta familia hadi kambi ya Lusenda, baadaye Mulongwe karibu na Baraka, na watoto wao wakaingia katika shule za Wakongo, madarasa yakajaa. Ziwa nalo likapanda na kufunika nyumba za pwani. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, Februari Bukavu, na watu wakasukumwa tena kusini: wengine Burundi, wengine Uvira na Fizi.

Elimu ya msingi bure, iliyotangazwa na Rais Félix Tshisekedi mwaka 2019, ilipunguza mzigo, ila sekondari bado hulipiwa, na walimu wengi bado hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Wafadhili hupenda majengo kwa sababu yanapigika picha. Shule ya Nyarugusu ilianza bila jengo. Ilikuwa na mwalimu, mtaala na mtihani uliotambuliwa Kongo. Anayetaka kumtoa kijana wa Misisi shimoni aanze na mshahara wa mwalimu wake, kisha amlipie ada ya Mtihani wa Taifa. Na serikali za Dodoma na Kinshasa zikubaliane sasa kutambua vyeti vya kila upande, kabla ya mashua nyingine kuvuka.