Shule ya Usanifu na Nyumba ya Mkulima

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Wajerumani walijenga stesheni ambayo ipo mpaka leo. Michoro ilikuwa yao. Nguvu kazi ilikuwa ya Waafrika. Huo ndio mgawanyo wa kazi tulioachiwa na ukoloni: huyu huchora, yule hubeba mawe.

Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea vilitutaka, mwaka 1967, tuunganishe nadharia na vitendo. Katika ujenzi hatua zilifuata upesi. Mwaka 1971 kiliundwa Kitengo cha Utafiti wa Majengo. Mwaka 1972 kituo cha kuwafunza wapima ardhi kikageuzwa kuwa Chuo cha Ardhi, ambacho baadaye kilitoa wasanifu majengo. Na mwaka huo huo ikaanza Operesheni Kigoma, wakulima wakahamishiwa katika vijiji vipya. Utafiti, mafunzo na kazi yenyewe vilizaliwa karibu wakati mmoja, lakini havikulelewa pamoja. Viwili vya kwanza vilikaa Dar es Salaam. Kigoma ni mwisho wa reli. Mkulima aliyehamishwa alijijengea mwenyewe, kwa miti na udongo alioupata.

Tuchukue Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na njia yake kuu ni maji. Kila mfuko wa saruji na kila bati hulipiwa nauli ya boti kabla ya msingi kuchimbwa. Tofali la kuchoma nalo hula kuni. Mlima ukiisha miti, mvua huuteremsha udongo juu ya nyumba zilizo chini. Mradi wa TACARE ulipoanza kazi ya miti katika vijiji vya jirani na Gombe mwaka 1994, sehemu kubwa ya misitu nje ya hifadhi ilikwisha fyekwa.

Watafiti wetu wanalo tofali la udongo na saruji kidogo, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Lakini udongo wa mteremko si udongo wa pwani, na kipimo cha saruji hakipatikani ubaoni. Anayeujua udongo huo kwa vidole ni fundi wa kijiji, ambaye hakuna mhadhiri aliyemwuliza.

Kitengo kiligeuka wakala wa Serikali mwaka 2001; Chuo kikawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ajenge nyumba moja kijijini pamoja na mtafiti, na fundi awe mmoja wa watahini. Waende wakati wa mvua.