Herufi Zilizokosa Namba

Sisi tunaoandika Kilingala tunalijua neno moja linalovaa nguo tatu. «Moto» ni mtu, «motó» ni kichwa, na «mɔ́tɔ» ni moto ule ule wa Kiswahili. Mkono wenye kalamu huyatofautisha bila taabu. Kompyuta ilishindwa kwa miaka mingi, na kisa chake kinafaa tukifahamu.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ili iandike, yapasa watu wapatane kwanza namba ipi isimamie herufi ipi. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa mapatano yaitwayo ASCII, yenye nafasi 128 tu, ambamo A kubwa ilipewa 65. Yaliwatosha wao, na kwa bahati yalikitosha Kiswahili cha herufi za Kilatini, kisichohitaji alama juu ya irabu. (Kile cha zamani cha herufi za Kiarabu ni habari nyingine.)

Kifaransa hakikutoshelezwa. Basi kila eneo la dunia likajitungia orodha yake, hata namba moja ikawa herufi hii Paris na herufi nyingine Moscow, na barua iliyofunguliwa kwa orodha isiyo yake ikasomeka kama fujo tupu. Orodha ya Ulaya Magharibi ya mwaka 1987 iliiacha hata œ ya Kifaransa, ile tunayoiona katika jina Sacré-Cœur! Ikiwa Wafaransa wenyewe walisahauliwa, ni nani angezikumbuka ɔ na ɛ, zilizopendekezwa London kwa ajili ya lugha za Afrika tangu miaka ya 1920?

Mwaka 1988 Joe Becker, aliyefanya kazi Xerox, alipendekeza orodha moja kwa maandishi yote ya dunia, akaiita Unicode. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991. Watungaji walidhani nafasi 65,536 zingetosha; mwaka 1996 iliwabidi wapanue hadi zaidi ya milioni moja. Mwaka 1992, jioni moja katika mkahawa wa New Jersey, Ken Thompson na Rob Pike walichora juu ya karatasi ya mezani njia ya kuziandika namba hizo kwa uchache: herufi za ASCII zibaki na baiti moja, nyingine zichukue mbili au zaidi. Njia hiyo, UTF-8, ndiyo inayobeba karibu kurasa zote za intaneti leo.

Humo herufi zetu zimo: ɔ ni 596, ɛ ni 603. Lakini ó ya «motó», kwa kuwa Wazungu waliihitaji, ina namba yake yenyewe, ɔ́ haina. Huundwa kwa namba mbili, 596 na kisha 769 ya alama ya juu, na mahali ambapo mchoro wa herufi haukutengenezwa kwa uangalifu, alama hiyo huelea pembeni kama kofia iliyopeperushwa na upepo.

Na kwenye simu, ujumbe mfupi wa kawaida huchukua herufi 160. Ingiza ɔ moja tu, nafasi hushuka hadi 70, na mwenye maneno mengi hutozwa ujumbe wa pili. Ndiyo maana wengi wetu huandika «moto» kwa yote matatu, tukimwachia msomaji kukisia kama ni mtu, kichwa, au nyumba inayoungua.